Asilimia ya mafuta mwilini inatosha kukadiria VO2max ya mkimbiaji?

kocha_mbio_ndefu: Wakuu habari. Nafundisha mbio za mita 10,000 hapa Arusha, maabara ya kupima pumzi hatuna. Kijana wa miaka 25, kilo 60, kalipa (kibanio cha kupimia unene wa mkunjo wa ngozi) inasoma mafuta asilimia 8. Fomula ya Jackson ya 1990 imenipa VO2max (kiwango cha juu cha oksijeni mwili unachoweza kutumia, mililita kwa kila kilo kwa dakika) 56, na huyu uwanjani anawaacha wenzake mbali. Mwongo nani, fomula au kalipa?

mzunguko400: Fomula, mkuu. Iangalie: 50.513 + (1.589 × mazoezi) − (0.289 × umri) − (0.552 × mafuta) + 5.863 kwa mwanamume. Alama ya mazoezi inaishia 7, na anayekimbia zaidi ya saa 3 kwa wiki ameshaifikia. Wako hata akikimbia kilomita 150 kwa wiki anahesabiwa sawa na mtu wa kukimbiakimbia jioni! Kalipa hata ikikosea kwa pointi 3, jibu linasogea 1.7 tu.

Mpime kwa jaribio la Cooper: anakimbia dakika 12, unapima umbali aliofika. Akimaliza mizunguko 9 (mita 3,600), toa 504.9, gawa kwa 44.73, unapata 69. Hiyo ni sekunde 80 kila mzunguko. Mshikie saa tangu wa kwanza, maana wengi hutoka kwa 72 halafu wa sita miguu inagoma, na hapo umepima papara. Matokeo ya Arusha, karibu mita 1,400 juu ya bahari, usiyalinganishe na ya Dar.

mama_riadha: Naongezea, kocha. VO2max ni oksijeni kugawa kwa uzito, na mafuta yanagusa kigawanyo tu, yaani kilo. Lita 4.2 (mililita 4,200) za oksijeni kwa dakika, gawa kwa kilo 60, ni 70. Akishuka hadi kilo 58 inakuwa 72.4, moyo na damu vikiwa vilevile. Akipungua kwa njaa na lita zikashuka hadi 4.0, anabaki na 69 na miguu isiyo na nguvu. Tafadhali usimnyime chakula kwa ajili ya namba.

Kalipa itumie kufuatilia mwili wake mwenyewe: asubuhi kabla ya mazoezi, ngozi kavu, upande wa kulia, kifua, tumbo na paja. Bana mkunjo kwa gumba na kidole cha shahada, weka kalipa sentimita 1 kutoka kwenye vidole, soma baada ya sekunde 2 bila kuachia mkunjo. Rudia, chukua wastani. Mpimaji awe yuleyule kila mara.

kocha_mbio_ndefu: Nimeelewa, asanteni sana. Cooper ni Jumamosi, baada ya siku mbili za mazoezi mepesi.