Mjadala: Je, tamthilia ya anga za juu inaweza kupendwa na watazamaji wa kawaida?

Swali ambalo limekuwa likizungumzwa hapa Dodoma, hasa miongoni mwa walimu, watumishi na vijana wanaosomea utangazaji, ni hili: endapo kituo cha televisheni kitaanzisha tamthilia mpya ambayo karibu matukio yake yote yanatokea ndani ya chombo cha anga au kwenye sayari nyingine, je, itatazamwa na familia za kawaida zinazokaa sebuleni baada ya taarifa ya habari ya saa mbili usiku, au itabaki kwa wachache wanaopenda sayansi? Wanaopinga wanasema mambo ya anga hayamhusu mtu wa Nkuhungu wala wa Chamwino, kwamba hadithi za namna hiyo zina kanuni nyingi mno kwa mtu anayetazama huku akipika, na kwamba gharama zake hazibebeki. Mimi nasimama upande wa wanaosema inawezekana. Naamini mtazamaji wa kawaida hajawahi kuikataa anga. Anachokikataa ni tamthilia isiyompa watu wa kuwafuatilia wala muda wa kuwazoea.

Naanza na historia, kwa sababu wapinzani wangu huitumia sana, na nadhani wanaisoma vibaya. Tamthilia ya Marekani ya Star Trek ilianza kurushwa na NBC mwezi Septemba 1966 na ikafutwa mwaka 1969, baada ya misimu 3 na sehemu 79. Ukiishia hapo utasema watu waliikataa. Lakini msimu wake wa mwisho ulikuwa umepelekwa saa nne usiku siku ya Ijumaa, wakati ambapo vijana waliokuwa wakiipenda walikuwa wametoka nyumbani. Baada ya kufutwa, vituo vya miji mbalimbali viliinunua kwa ajili ya marudio na vingi vikaipanga jioni, siku baada ya siku. Hapo ndipo ilipopata watazamaji wengi, kwa sehemu zilezile, waigizaji walewale na vyombo vilevile vya mbao na rangi. Mwaka 1979 ikatengenezewa filamu ya sinema, na mwaka 1987 ikaanzishwa tamthilia mpya ya ukoo huohuo iliyodumu misimu 7. Hadithi haikuwa imebadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni saa ya kuionyesha na idadi ya siku ambazo mtu aliweza kukutana na wahusika walewale.

Firefly, tamthilia nyingine ya Marekani ya anga, iliyorushwa na Fox mwaka 2002, ilipangwa Ijumaa usiku, sehemu zake zikaonyeshwa bila kufuata mpangilio waliokusudia watunzi, na ile sehemu ya kwanza inayowatambulisha wahusika ikaonyeshwa mwisho kabisa. Zilitengenezwa sehemu 14, zikarushwa 11, ikafutwa. Sidhani kama mtu mwenye haki anaweza kuutumia ushahidi huo kusema watazamaji walipewa nafasi. The Expanse nayo iliachwa na kituo chake mwaka 2018 baada ya misimu 3, ikachukuliwa na Amazon, ikaongezewa misimu mingine 3 hadi mwaka 2022.

Nakiri kwamba The Mandalorian, iliyoanza Novemba 2019, si shahidi mzuri sana kwa upande wangu, kwa kuwa ilirithi jina la Star Wars, lililokuwa linajulikana dunia nzima kwa zaidi ya miaka 40. Hata hivyo, kilichowashika watu ambao hawakuwahi kujali hadithi za anga kilikuwa ni mlezi na mtoto: mtu mkavu, asiyependa kuvua kofia yake ya chuma, anayejikuta akimlea mtoto asiye wake. Hiyo ni habari ya malezi, na malezi yanaeleweka kila mahali.

Sasa tuje kwetu, maana swali letu linahusu watazamaji wa hapa. Mwaka 2011 tamthilia ya Kichina ya Dou Dou na mama wakwe zake ilionyeshwa na TBC ikiwa imeingizwa sauti za Kiswahili, na ilitazamwa kiasi kwamba Rais Xi Jinping wa China aliitaja katika hotuba yake jijini Dar es Salaam mwaka 2013. Baadaye ikaja tamthilia ya Kituruki ya Sultan kupitia Azam TV, nayo kwa Kiswahili. Nawaomba wanaosema kwamba kanuni za hadithi za anga ni ngumu kwa mtu wa kawaida waikumbuke vizuri hiyo Sultan. Ilikuwa ni habari ya kasri la Istanbul la karne ya 16, yenye vyeo visivyojulikana hapa, mavazi yasiyovaliwa hapa, sheria za urithi wa kiti zisizofanana na zetu, na majina ambayo hakuna mtoto wa Dodoma aliyewahi kupewa. Watu waliyajifunza yote hayo bila kufundishwa.

Namna walivyojifunza inaonekana wazi katika saluni yoyote ya kusukia yenye televisheni ukutani. Mteja anaingia tamthilia ikiwa katikati, anakaa, anauliza, "Huyu naye ni nani?" Msusi, bila kuinua macho kwenye nywele anazozigawa kwa kitana, anajibu kwamba yule ni mama wa mtoto mkubwa wa Sultani, na huyu ndiye aliyemchukulia nafasi yake. Mteja haulizi tena. Hajui mwaka, hajui nchi, hajui vita inayopiganwa, lakini anajua nani ana uchungu na nani, na kwa nini, na tayari amechagua upande. Mara nyingi anaondoka amesukwa nusu ya habari na nywele nzima, na kesho yake anaulizia kilichoendelea.

Hicho ndicho kipimo ningependa mtunzi wa tamthilia ya anga akitumie kabla ya kuandika neno lolote kuhusu injini au mashimo meusi. Jirani aliyechelewa akiuliza "huyu ni nani", je, anaweza kujibiwa kwa sentensi moja inayotaja mtu mwingine? Ikiwa jibu ni "huyo ni afisa wa ngazi ya pili wa muungano wa sayari", tamthilia imeshapoteza sebule. Ikiwa jibu ni "huyo ni mdogo wake nahodha, na ndiye aliyesaini karatasi za baba yao kuachwa kule", jirani atakaa, na hilo la muungano wa sayari atalielewa taratibu kama alivyoyaelewa mambo ya kasri.

Hoja ya kwamba anga haituhusu ndiyo inayonisikitisha kuliko zote, kwa sababu inasemwa na watu wanaoishi chini ya mojawapo ya anga safi kabisa nchini. Kuanzia Mei hadi karibu Novemba, ukitoka nje ya taa za mji kuelekea Bahi au Kongwa, nyota zinaonekana hadi karibu na upeo. Wazee waliopanga kilimo kwa kutazama Kilimia, lile kundi la nyota, hawakuhitaji kushawishiwa kwamba mambo ya juu yanagusa chakula cha chini. Ndiyo maana ilisemwa kwamba Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, na kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Huko Songwe kipo Kimondo cha Mbozi, bonge la chuma lililotoka angani, na watu hulipa kiingilio kwenda kukitazama.

Hata safari zenyewe za anga zimepita karibu nasi kuliko tunavyodhani. Kati ya mwaka 1967 na 1988 Waitaliano walirusha roketi kutoka kwenye jukwaa la San Marco, lililosimamishwa baharini karibu na Malindi, kwa sababu dunia inapozunguka, sehemu za karibu na ikweta ndizo zinazokwenda kasi zaidi, na roketi inayoondokea hapo kuelekea mashariki hupata msukumo wa bure. Tarehe 12 Desemba 1970 ilirushwa kutoka hapo setilaiti iliyopewa jina Uhuru, ya kwanza duniani kutengwa kwa ajili ya kuchunguza miale ya eksirei kutoka kwenye nyota. Nchini Zambia, mwaka 1964, mwalimu Edward Makuka Nkoloso alikusanya vijana na kuwafanyisha mazoezi ya kwenda Mwezini, akiwemo msichana aliyeitwa Matha Mwamba. Magazeti ya nje yalimcheka. Mimi naona pale tamthilia nzima yenye kiu, aibu, wazazi wenye hofu na binti anayetazamwa na taifa changa. Mwandishi wa hapa hana sababu ya kuanza na meli ya kigeni wakati jukwaa la kurushia roketi lilikuwa kwenye pwani inayozungumza Kiswahili.

Zaidi ya hapo, maisha ya angani yana maswali ambayo familia za hapa zingeyajadili hadi usiku wa manane. Mwaka 2007 Sheikh Muszaphar Shukor wa Malaysia alifika katika Kituo cha Kimataifa cha Anga siku za mwisho za Ramadhani, na wanazuoni wa nchi yake walikuwa wamemwandalia mwongozo wa namna ya kuswali, kuelekea kibla na kufunga akiwa huko. Kituo hicho huizunguka dunia kwa takriban dakika 90, hivyo jua huchomoza na kuzama mara 16 hivi ndani ya saa 24. Ilibidi nyakati za ibada zifuate mahali alikoondokea. Mtu yeyote aliyewahi kusikia mazungumzo ya futari hapa mjini anajua kwamba sehemu moja tu ya tamthilia yenye jambo hilo ingezungumzwa wiki nzima.

Au chukua umbali. Ishara ya redio kutoka duniani hadi Mirihi huchukua kati ya dakika 3 na 22 kwenda tu, kutegemea sayari hizo mbili zimekaaje. Mama aliyeko Mpwapwa akimwambia mwanawe aliyeko Mirihi kwamba baba yake amelazwa, anaweza kusubiri zaidi ya dakika 40 kabla ya kusikia sauti yake ikijibu, na katika muda huo hali ya mgonjwa imeshabadilika. Hakuna pembetatu za mapenzi wala urithi wa nyumba zinazoweza kuleta subira nzito namna hiyo, na msingi wake ni fizikia tupu ambayo mtazamaji ataielewa kwa sababu inamuuma.

Kuhusu gharama nitasema kwa ufupi, kwa kuwa sidhani ni hoja nzito kama inavyotajwa. Tamthilia za anga kwa sehemu kubwa huchezwa ndani ya vyumba. Watengenezaji wa Star Trek walibuni ile mashine ya kumhamisha mtu papo hapo kutoka chomboni hadi kwenye sayari kwa sababu kuonyesha chombo kikitua kila wiki kungekuwa ghali mno. Upungufu wa fedha ukazaa jambo ambalo watu walilipenda. Ninachokubaliana na wapinzani ni kwamba picha za kompyuta zilizofanywa kwa haraka huonekana, na watazamaji wetu, waliozoea filamu za nje katika vibanda umiza, wataziona mara moja. Basi zisionyeshwe. Korido moja iliyojengwa vizuri, jiko, chumba cha mawasiliano na dirisha dogo vinatosha kwa msimu mzima, mradi fedha zilizookolewa ziende kwa waandishi na kwa waigizaji wenye uwezo wa kubeba kimya.

Kikwazo ninachokihofia kwa kweli kiko ofisini. Kituo kitaiweka tamthilia siku moja kwa wiki, watangazaji wa biashara wataulizia idadi ya watazamaji baada ya wiki chache, na meneja wa vipindi atairudisha tamthilia ya zamani mahali pake kabla mama wa nyumba hajajua jina la nahodha. BBC ilipoanzisha Doctor Who, tamthilia ya safari za anga na za wakati, tarehe 23 Novemba 1963, siku moja baada ya kuuawa kwa Rais Kennedy, haikuchukua uchache wa watazamaji kuwa hukumu. Wiki iliyofuata ilirudia sehemu ya kwanza kabla ya kuonyesha ya pili. Uamuzi wa namna hiyo hauhitaji fedha nyingi. Ningependekeza tamthilia ya anga irushwe usiku tano kwa wiki, irudiwe mchana kwa ajili ya walio majumbani na masaluni, iwe kwa Kiswahili tangu neno la kwanza, na isipimwe kabla ya miezi mitatu.

Wanaoendelea kusema haiwezekani, nawaomba wajibu jambo moja mahususi, maana mpaka sasa nimesikia tu kwamba "watu wetu hawapendi mambo hayo". Ni tamthilia gani ya anga iliyowahi kuonyeshwa hapa nchini kwa Kiswahili, kila usiku, katika saa ya familia, kwa muda wa kutosha, kisha watu wakaiacha? Kama ipo, itajwe, nami nitaichunguza kwa makini na kusema wazi ilikosea wapi. Kama haipo, basi watazamaji wetu bado hawajaulizwa swali hili, na hakuna mwenye haki ya kujibu kwa niaba yao.