printf kwenye keneli ya CUDA: nikiiweka jibu liko sawa, nikiitoa laharibika

mtoto_wa_kisauni
Salaam aleikum wadau. Siku ya tatu hino niko na keneli ya CUDA (programu ndogo inayokwenda ndani ya GPU, kadi ya michoro) ya kujumlisha namba, bloku 4096, kila bloku thredi 256 (thredi ni vitendakazi vinavyokwenda sambamba, bloku ni kundi lao). Kila nikiiendesha jumla yatoka tofauti, nikasema ngoja niweke printf (amri ya kuchapa ujumbe) nione kila thredi imebeba nini, ajabu ni kwamba nikiiweka jibu linakuja sawasawa na nikiitoa linaharibika tena. Halafu hizo printi zenyewe naona za mwishomwisho tu, za mwanzo zimemezwa, na kuna wakati hakutoki kitu kabisa. Nisaidieni jamani, nshachoka.

fundi_likoni
Waaleikum salaam. Printf ya GPU haiandiki kwenye skrini moja kwa moja, inaweka kwenye bafa (hifadhi ya muda) ya baiti 1,048,576, ikijaa inazunguka na kuandika juu ya zile za zamani. Sasa piga hesabu yakhe, 4096 mara 256 ni thredi 1,048,576, yaani kila thredi imepata baiti moja! Waweza kuipanua kwa cudaDeviceSetLimit lakini mimi naona bora uprinti bloku moja tu, `if (blockIdx.x == 0 && threadIdx.x < 32)`. Isipotoka kitu, weka cudaDeviceSynchronize (inaingoja GPU imalize) kabla programu haijafunga, na uangalie cudaGetLastError (inasema kosa lililotokea) maana keneli ikikataa kuanza huoni hata herufi.

binti_tudor
Ya bafa ni kweli ila ugonjwa si huo. Printf inazichelewesha thredi na kubadilisha nani anafika kwanza, kwa hivyo ikiponya jibu ujue thredi zako zinagombania memori. Mdogo wangu, hebu angalia pale mwisho wa kujumlisha zinapobaki thredi 32, umetoa __syncthreads (inayozifanya thredi zote za bloku zingojane)? Mifano mingi ya zamani ilifanya hivyo kwa kutegemea kwamba thredi 32 za wapu moja (kundi ambalo GPU inaliendesha pamoja) zinakwenda hatua moja pamoja, lakini tangu Volta, GPU za NVIDIA za 2017, huwezi kulitegemea hilo, lazima __syncwarp, inayozifanya thredi za wapu zingojane. Hapa printi hazitakwambia kitu, kompaili na -lineinfo (ihifadhi namba za mistari) halafu uiendeshe na `compute-sanitizer --tool racecheck`, itakutajia mpaka mstari zinapogombania.

mtoto_wa_kisauni
Dada Mungu akuweke, ni palepale! Nimeweka __syncwarp kila hatua, baada ya kusoma na baada ya kuandika, nimeondoa printf zote, nimeiendesha mara mia na jumla ni ileile.