Naomba ushauri: dodoso la heshima ya kazi, Arusha mjini

Wakuu, naomba msaada kwa wanaoelewa madodoso. Tunatumia njia ya Marekani ya mwaka 1947: waliohojiwa walipanga kazi 90 kwenye madaraja 5 ya heshima, kila daraja na alama yake (100, 80, 60, 40, 20), kisha ukatafutwa wastani wa kila kazi. Jaji wa Mahakama ya Juu ya Marekani alipata 96, mng'arisha viatu 33.

Sisi tumechukua kazi 25, kila moja kwenye kadi yake. Kadi zinachanganywa upya kwa kila mtu, maana kazi ya kwanza hugeuka kipimo cha zinazofuata.

Kinachosumbua ni maneno. Ukiandika "dereva" tu, mmoja anawaza daladala, mwingine gari la watalii. Wastani wake hauna maana. Mpagazi na mwongozaji wa mlimani ni hivyo hivyo. Ukiuliza "kazi nzuri", watu wanajibu pesa, na dalali wa tanzanite atampita mwalimu. Ukiuliza "heshima", wengine wanasikia adabu.

Mngeliandikaje swali lenyewe? Na "sijui" naona itolewe kwenye hesabu, kwani ikiwa sifuri inaionea kazi isiyofahamika, kama mkemia. Kuna anayepinga?