Mjadala: Je, umaskini ndio unaozaa wezi wa Kampala?

Simu ikinyakuliwa Old Taxi Park, kituo cha teksi katikati ya Kampala, vidole vinaelekezwa kulekule kwenye mitaa ya mabanda: Katwe, Kisenyi, Bwaise. Wapo wanaosema vibanda vya huko vivunjwe, wezi watatoweka. Wengine wanasema vijana wapewe ajira, hakuna atakayeiba. Wa kwanza nawapinga kabisa. Wa pili nakubaliana nao nusu.

Bwaise wanaishi wachuuzi, mafundi, vijana wa bodaboda, akina mama wanaodamka kwenda kuchukua matoke soko la Kalerwe. Umaskini peke yake ungekuwa unatosha kumgeuza mtu mwizi, mtaa ule usingekalika. Tena hao ndio wasio na kinga. Nyumba ya Kololo, mtaa wa matajiri, ina ukuta mrefu na mlinzi mwenye bunduki. Chumba cha Bwaise kina kufuli. Na kijana akiporwa bodaboda aliyoinunua kwa mkopo, pikipiki imekwenda lakini deni analo.

Ninavyoona mimi, umaskini unaamua nani akamatwe kuliko unavyoamua nani aibe. Sheria ya makosa ya jinai ya mwaka 1950, tuliyoachiwa na Mwingereza, ilimruhusu polisi kumkamata mtu kwa kushukiwa tu kuwa mzururaji. Waliopakiwa kwenye magari ya doria hawakuwa watoto wa matajiri wa Nakasero! Vifungu hivyo Mahakama ya Katiba ilivibatilisha mwaka 2022 tu. Na leo karibu nusu ya wafungwa wa nchi hii ni mahabusu, kesi zao hazijaamuliwa. Asiye na mdhamini wala pesa ya wakili anasota gereza la Luzira.

Sasa kumbukeni mabati ya kuezekea ya Karamoja. Yalikusudiwa watu wa eneo maskini kuliko yote Uganda, na mwaka 2023 mawaziri watatu wakashtakiwa kwa tuhuma za kuhusika na kuchepushwa kwake. Mtasema mabati hayamchomi mtu kisu. Kweli, na anayevamia watu kwa panga simtetei hata kidogo. Lakini mbona tukihesabu uhalifu tunaanzia Kisenyi?

Ajira nazitaka, tena haraka, kwa sababu kijana anayeshinda kijiweni huku magari ya kifahari yakimpita ni rahisi kuvutwa na genge. Ila kazi haitamsaidia kijana anayekamatwa kwa sababu ya mtaa anakotoka.

Wanaotaka vibanda vivunjwe wanijibu: hao watu watalala wapi usiku huo?