Koki za sensa au za kubonyeza kwa vyoo vya umma? Jengo la ghorofa nne, Dar

MchoraRamani
Wakuu, habari za jioni. Nachora jengo la ofisi hapa Dar, vyoo vya chini vitatumiwa na kila mpita njia. Mteja aliona koki za sensa uwanja wa ndege, zile zinazotoa maji zenyewe ukisogeza mkono, sasa hasikii la mtu. Anasema pia zinaokoa maji. Mimi moyo uko kwenye za kubonyeza, zile zinazojifunga zenyewe. Maji ni ya mgao, yakikosekana tunategemea kisima, na kisima kina chumvi. Mnasemaje?

FundiBombaTemeke
Mkuu, niambie kwanza tangi litakaa juu kiasi gani. Mita 10 za kimo ndiyo baa 1 ya presha. Simtanki likiwa mita 3 juu ya sinki za ghorofa ya mwisho, una baa 0.3 tu, na koki nyingi za sensa zinataka angalau 0.5. Chini zitafanya kazi, juu utalazimika kuweka pampu, nayo inataka umeme.

Halafu hayo maji ya kisima. Ndani ya sensa mna vali ya umeme yenye kitundu chembamba. Punje moja ya mchanga ikikwama pale, koki haifungi, inadondosha usiku kucha. Weka chujio chini ya kila sinki na mtu wa kulisafisha. Za kubonyeza nazo chumvi huzing'ang'aniza, lakini hizo nafungua, nasugua, nazirudisha, dakika kumi.

MamaVigae
Na betri je? Nyingi zinatumia AA nne. Nilisimamia jengo la sinki 24, betri za kwanza zilipokwisha hakuna aliyekuwa amezitengea fungu. Watu wakawa wanapunga mikono mbele ya koki kama wanaaga meli. Ukichukua sensa, chora nyaya za transfoma, zitumie umeme badala ya betri, kabla vigae havijabandikwa.

Swaleh_Msa
Ndugu zangu, kwa usafi hasa: unabonyeza kwa mkono mchafu, unaosha, koki inajifunga, huigusi tena. Mbaya ni ile ya kuzungusha, unayoifunga kwa mkono ulioosha. Ila wenye kutawadha msiwasahau, kubonyeza kila baada ya sekunde chache ni udhia. Hapo weka koki ya kawaida.

NesiWaZamu
Kwa ofisi sawa, kwa hospitali fikirini mara mbili. Mwaka 2011 watafiti wa Johns Hopkins, Baltimore, walipima maji ya hospitali yao: nusu ya sampuli za koki za sensa zilikuwa na bakteria wa Legionela, wanaoleta homa ya mapafu, za mkono asilimia 15. Lawama iliangukia vijisehemu vingi vya zile vali. Wakaziondoa kwenye maeneo ya wagonjwa.

MamaVigae
Kuhusu kuokoa maji, kazi kubwa inafanywa na kile kichujio cha mdomoni mwa koki, kinachopunguza kasi ya maji. Marekani koki za vyoo vya umma zina kikomo cha lita 1.9 kwa dakika, iwe ya sensa au ya mkono.

MchoraRamani
Asanteni. Nitampa sensa za transfoma ghorofa ya chini tu, ambako presha ipo na wageni wataziona. Juu zote za kubonyeza.

FundiBombaTemeke
Sinki za chini za aina gani? Zikiwa za chuma kinachong'aa, mwanga wa sensa unarudi na maji yanamwagika hakuna mtu.

MchoraRamani
Za chuma. Tena ameshazinunua.