Lebo inasema lita 1 kwa hekta, bomba langu ni la lita 16. Niweke dawa kiasi gani?

Chipukizi: Wakuu, habari za kazi. Nina dawa ya magugu, lebo inasema lita 1 kwa hekta, basi. Bomba la mgongoni halikutajwa. Shamba langu ni mita 40 kwa 20 tu. Halafu bomba moja mimi linanifikisha mbali, mdogo wangu linamwishia njiani. Nani anakosea?

Kipepeo77: Weka vifuniko viwili, yatakauka tu.

Fundi Bomba: Vifuniko vya chupa ipi, mkuu? Chupa hazilingani.

Chipukizi, hakuna anayekosea. Kila mtu ana mwendo wake na mkono wake, kwa hiyo hata nikikupa namba yangu haitakufaa. Jipime. Tia maji matupu mpaka alama unayoiona vizuri. Pima mita 10 kwa 10 humo humo shambani, si uani, maana kwenye matuta mwendo unapungua. Nyunyiza kama siku zote. Ukimaliza, weka bomba pale pale lilipokuwa, ongeza maji kwa jagi la vipimo mpaka alama ileile. Uliyoongeza ndiyo uliyotumia. Zidisha kwa 100, hizo ni lita zako kwa hekta.

Tuseme umeongeza lita 2.5. Hiyo ni lita 250 kwa hekta. Chukua mililita 1,000 za lebo, zidisha kwa 16, gawa kwa 250: unapata mililita 64 kwa bomba. Mdogo wako akitumia lita 4, ni 400 kwa hekta, yeye dawa yake ni 40. Akibeba mchanganyiko wako, hekta itakula lita 1.6 badala ya 1. Hapo mazao yanaungua mnaanza kulaumu dawa.

Chipukizi: Asante sana mkuu. Nimepima, ila nikirudia namba inabadilika.

Fundi Bomba: Mkono huo. Unapampu kwa nguvu mwanzoni, ukichoka presha inashuka. Pampu kwa mpigo mmoja unaolingana na hatua zako. Ikiendelea hivyo, angalia nozeli, ile ncha inayotoa dawa: kinga maji yake kwenye jagi kwa dakika 1, linganisha na nozeli mpya ya aina hiyohiyo, kwa presha ileile. Ikizidi asilimia 10, imelika, itupe. Na ikiziba usiichokonoe kwa waya wala kuipuliza kwa mdomo! Mswaki wa zamani na maji vinatosha.

Mama Bustani: Na glavu, jamani. Wengi wanazivaa wakati wa kunyunyiza, ilhali wakati wa kupima dawa yenyewe, ikiwa kali kabisa, mikono mitupu.

Chipukizi: Nimetulia sasa, napata 2.5 kama mfano wako. Kwa hiyo mabomba mawili?

Fundi Bomba: Hapana. Mita za mraba 800 kwako ni lita 20. Bomba la kwanza lita 16 na dawa 64, la pili lita 4 na dawa 16. Ukijaza la pili, utabaki na lita 12 za sumu huna pa kuzipeleka.