Mrejesho: Ruta imekubali kwenye Ubuntu

Ndugu zangu, asanteni sana. Wiki iliyopita niliuliza, nikiwa hapa Bukavu, nitafungaje ruta ya nyumbani (kifaa kinachogawa intaneti kwa kompyuta na simu) wakati CD iliyokuja nayo inataka Windows na kompyuta yangu ina Ubuntu, mfumo mwingine wa kompyuta. Sasa inafanya kazi, na ile CD sikuigusa kabisa.

Aliyeniambia kwamba ruta haijali kompyuta ina mfumo gani alisema kweli: mipangilio imo ndani ya ruta yenyewe, unaifungua kwa kivinjari kama Firefox. Nilichomeka waya wa kompyuta kwenye tundu la LAN (la vifaa vya nyumbani) la ruta, nikafungua terminali, yaani dirisha la kuandikia amri, nikaandika ip route. Mstari unaoanza na "default via" ulinipa anwani ya ruta, ya kuandika kwenye Firefox: 192.168.1.1.

Hapo ndipo nilipokwama siku mbili nzima. Ukurasa wa mipangilio ulifunguka, Wi-Fi ikaonekana, lakini intaneti hakuna. Kumbe modemu, kifaa kinacholeta intaneti kwenye ruta, nayo inatumia 192.168.1.1, kwa hiyo ruta haikujua ipeleke wapi mawasiliano. Yaya wangu, yaani ndugu yangu mkubwa, wa mtaa wa Kadutu ndiye aliyegundua. Nilibadilisha anwani ya ruta kuwa 192.168.2.1, nikachomoa waya na kuuchomeka upya ili kompyuta ipate anwani mpya, na kurasa zikaanza kufunguka papo hapo. Nilifurahi mno, watoto walikuwa wakingojea masomo yao.

Neno la siri la msimamizi nimelibadilisha, Wi-Fi nimeiwekea kinga ya WPA2. Jana usiku umeme ulikatika, na uliporudi mipangilio yote ilikuwa bado ipo. Hilo nililiogopa sana.